Stendi Imara ya Tangi la Maji



Katika Rongai, Njoro, Bahati, Gilgil na kwingineko, vikundi vingi huchanga pesa kwa zamu mpaka kila nyumba ipate tangi la plastiki la kuvuna maji ya mvua. Haba na haba hujaza kibaba, na tangi linafika. Halafu shida inaanzia pale tusipotarajia: tangi linawekwa juu ya mawe yaliyopangwa ovyo, au juu ya stendi ya miguu minne myembamba. Mvua kubwa ya kwanza inalijaza, stendi inapinda, tangi linaanguka. Jasho la kikundi linamwagika, na pengine mtoto alikuwa pale chini akikinga maji.

Katika toleo hili tunaeleza jinsi ya kutengeneza stendi ya chuma ya tangi la lita 1,000 ambayo haitawaangusha. Kazi ya kuchomelea itafanywa na fundi wa jua kali, lakini ni vizuri kikundi kijue cha kumwambia fundi na cha kukagua kabla ya kulipa.

KWA NINI TUJISUMBUE?

Sisi wa Bonde la Ufa tuna sababu ya pekee. Maji ya visima virefu huku kwetu hupita katika miamba ya volkano na kuyeyusha madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini visima vingi vya Nakuru vinapita kiwango hicho. Ndiyo maana watoto wengi wana meno ya kahawia, na mtu akinywa maji yenye floraidi nyingi mno kwa miaka mingi, mifupa nayo huharibika. Kuyachemsha hakusaidii: mvuke unatoka, floraidi inabaki. Tangu miaka ya 1990, Dayosisi Katoliki ya Nakuru imefanya kazi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa. Lakini maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa, na yanatuangukia bure.

Hebu tupige hesabu. Mvua ya milimita 1 juu ya mita mraba 1 ya mabati ni lita 1. Paa la mita 8 kwa 5 ni mita mraba 40. Mvua ya milimita 25 italeta lita 1,000. Ukitoa yanayopotea, utapata kama 800. Nyumba ya watu sita, kila mtu akitumia lita 5 kwa kunywa na kupika, inatumia lita 30 kwa siku. Tangi moja likijaa ni maji salama ya mwezi mzima.

MAJI NI MAZITO

Lita 1 ya maji ni kilo 1. Kwa hiyo tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, sawa na magunia 20 ya kilo 50, yote yamesimama mahali pamoja mchana na usiku. Tangi tupu mtu mmoja au wawili wanalibeba, ndiyo maana tunadanganyika.

Jambo la kukumbuka ni hili: chuma hakishindwi na uzito peke yake, kinashindwa na nafasi iliyo wazi chini yake. Ukiongeza nafasi kati ya mguu na mguu mara mbili, kwa uzito ule ule chuma kitapinda mara nane. Kwa hiyo kanuni yetu ni kwamba chuma kisipite sentimita 60 bila kupata mahali pa kuegemea.

VIFAA

Nunueni vyuma vya anglaini, vile vya umbo la herufi L, vya milimita 50 kwa 50, unene milimita 5. Urefu wa duka ni mita 6. Mtahitaji vitano. Vikatwe hivi:
- miguu 9 ya sentimita 60;
- vibebeo 3 vya mita 1.2 vya kulala juu ya miguu;
- vipande 5 vya mita 1.2 vya kukatiza juu ya vibebeo;
- vipande 4 vya mita 1.2 vya kuzunguka chini;
- vipande 4 vya mita 1.35 vya mshazari.

Ongezeni vipande bapa 9 vya sentimita 10 kwa 10, unene milimita 6, vya kuwa nyayo za miguu, pamoja na mbao nzito za inchi mbili za kufunika juu.

Vipimo hivi ni vya tangi ambalo kitako chake hakizidi mita 1.1. Pimeni tangi lenu kwanza, maana viwanda havifanani. Kitako chote kikae ndani ya fremu.

CHINI KWANZA

Udongo wetu mwingi ni majivu ya volkano. Ukikauka ni mgumu, ukilowa unatitia, tena upande mmoja kuliko mwingine. Mnakumbuka Machi 2018, mvua kubwa iliponyesha, ufa mkubwa ulifunguka na kukata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Kwa hiyo msijenge juu ya ufa wa zamani, juu ya shimo la choo lililofukiwa, wala mahali maji ya mvua yanapopita.

Chimbeni mita 1.5 kwa 1.5, toeni udongo laini wa juu, jazeni mawe madogo na kuyashindilia. Wekeni waya wa BRC, halafu mwageni zege la sentimita 15: karai moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Mifuko miwili na nusu ya saruji itatosha. Mwagieni zege maji kila siku kwa wiki moja. Zege la kipande kimoja ni bora kuliko matofali chini ya kila mguu, kwa sababu ardhi ikicheza, stendi yote inakwenda pamoja.

KUUNGA VYUMA

Pangeni miguu 9 kama miche ya kabichi: mistari mitatu, kila mstari mitatu, nafasi ya sentimita 60. Vibebeo vitatu vilale juu ya mistari hiyo. Vipande vitano vikatize juu ya vibebeo, kimoja kila sentimita 30. Vipande vya kuzunguka vifungwe kwenye miguu ya nje, sentimita 15 kutoka chini.

Mwambieni fundi apige kwanza nukta ndogo za kushikilia. Kisha pimeni juu, pembe hadi pembe, kwa mshazari wa kwanza na wa pili. Vipimo vikilingana, kama sentimita 170 kila upande, fremu iko sawa. Visipolingana, igongwe mpaka ikae, ndipo achomelee kabisa.

Msikubali fundi aache vyuma vya mshazari ili kuokoa pesa. Stendi bila mshazari ni kama kiti kilicholegea: kinabeba, lakini kikisukumwa kidogo kinalala. Kila upande upate kipande kimoja, kutoka chini ya mguu wa pembe moja hadi juu ya mguu wa pembe nyingine.

Kisha sugueni kutu kwa brashi ya waya, pakeni redi oksaidi, halafu rangi ya mafuta mara mbili, hasa kwenye maungo na nyayo. Fungeni nyayo kwenye zege kwa bolti, na tangi kwenye fremu, kwani tangi tupu ni jepesi na upepo wa kiangazi unaweza kulibeba. Mbao zibanane, kwa sababu tangi la plastiki linataka kitako chake chote kiegemee. Likiegemea vyuma vichache tu, litapasuka.

JUU KIASI GANI?

Stendi hii itafika kama sentimita 75, na mtungi wa lita 20 unaingia vizuri chini ya mfereji. Wengine wanataka mita 3 ili maji yawe na nguvu. Kila mita moja inaongeza sehemu moja tu ya kumi ya ba, na hatari inaongezeka sana. Kama mnahitaji mnara mrefu, muulizeni mhandisi kwanza.

KUIJARIBU

Msijaze siku moja. Jazeni robo, mlale. Kesho nusu, kesho kutwa robo tatu, halafu pomoni. Kila asubuhi wekeni pimamaji juu ya fremu na mkague maungo. Ikiinama upande, punguzeni maji kabla ya kutengeneza. Siku hizo mtu yeyote asikae chini yake. Bomba la maji yanayofurika lipeleke maji mbali na zege. Na maji ya mvua ya kwanza yaliyoosha paa yamwageni kando, yasiingie tangini. Baadaye, kagueni kutu kila mwaka kabla ya masika.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Ni matangi mangapi ya wanakikundi yanakaa juu ya mawe au miguu minne? Nani atayakagua wiki hii?
2. Je, pesa ya stendi iko ndani ya mchango wa tangi, au mama anaachiwa ajitafutie?
3. Ni fundi gani wa karibu atakubali tukague kazi kabla ya kumlipa yote?