Je, Wajua? Kanga za Kariakoo na Viwanda vya Japani

Toka Mchikichini uingie Mtaa wa Uhuru, Kariakoo: doti za kanga zimetundikwa toka kizingiti hadi juu ya mlango. Je, wajua kuwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia Japani nayo ilichapa kanga za pwani yetu?

La kustaajabisha ni kasi ya nchi hiyo kufika hapo. Kwa miaka zaidi ya 200 Japani ilijifungia. Kati ya Wazungu, Waholanzi peke yao waliruhusiwa kufanya biashara, tena kwenye kisiwa kidogo cha Dejima. Mwaka 1854, chini ya tishio la manowari za Marekani, ikakubali kufungua bandari. Enzi ya Meiji ilianza 1868, na kufikia 1883 kiwanda cha nyuzi cha Osaka kilikuwa kinaendeshwa kwa mvuke, usiku na mchana. Miaka ya 1930 vitambaa vya Japani vikawapiku Waingereza hata hapa Tanganyika, nchi waliyoitawala wenyewe! Hawakuweza kuvibana kwa ushuru, maana mikataba ya Bonde la Kongo, iliyoihusu Tanganyika pia, ilidai bidhaa za mataifa yote zitozwe sawa.

Toyota nayo ilichipuka kwenye viwanda hivyo hivyo vya nguo. Sakichi Toyoda alibuni mitambo ya kufuma. Mwanawe, Kiichiro, ndiye aliyegeukia magari.