Kusoma Mafaili Mengi kwa Wakati Mmoja

Ziwa Viktoria, ambalo eneo lake lapata kilomita za mraba 68,800 na ambalo takriban nusu yake ni ya Tanzania, halihesabiki kwa karani mmoja. Tangu mwaka 2000 Tanzania, Kenya na Uganda, kwa uratibu wa Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria lililoasisiwa mwaka 1994 na lenye makao yake Jinja, zimekuwa zikifanya sensa ya uvuvi, aghalabu kila baada ya miaka miwili, ambamo makarani huteremka katika mialo kwa siku zile zile kuhesabu mitumbwi, wavuvi, nyavu na ndoana. Kwani lau wangekwenda mwalo baada ya mwalo, mtumbwi ulioonekana leo Igogo, Mwanza, ungeweza kulala kesho kisiwani Ukerewe ukahesabiwa mara mbili.

Kazi ya namna hiyo, yaani wengi kukusanya kwa wakati mmoja kisha hesabu zao kuunganishwa kuwa moja, ndiyo ifanywayo na programu ya kompyuta isomayo mafaili mengi kwa pamoja. Tuseme basi kijana wa Igogo, mwenye kompyuta yake huko juu kwenye miamba iangaliayo Ghuba ya Mwanza, amepewa mafaili 200 ya mapato ya samaki, kila mwalo na faili lake, naye atakiwa atoe jumla ya kilo za sangara, sato na dagaa. Njia iliyo nyepesi ni kufungua faili la kwanza, kulisoma hadi mwisho, kulifunga, na kuendelea na la pili. Njia hii ni sahihi, na kama mafaili ni machache sioni sababu ya kuiacha. Ila taksiri yake ni kwamba muda mwingi hupotea katika kungoja. Diski ya kuzunguka iendayo mizunguko 7,200 kwa dakika humngojesha msomaji zaidi ya milisekunde 4, kwa wastani, hata kabla herufi ya kwanza haijafika chini ya kichwa cha kusomea, na katika muda huo kichakataji kingeweza kufanya hatua mamilioni. Na mafaili yakiwa katika kompyuta ya mbali, kila moja likachukua nusu sekunde kufika, yote 200 yatakula sekunde 100. Lakini programu ikigawanywa katika nyuzi 10, yaani mikondo 10 ya kazi iendayo sambamba, kila uzi ukasoma faili lake huku mwenziwe angali anangoja, kazi ile ile yaweza kwisha kwa sekunde 10 hivi. Wala haifai, mafaili yakiwa maelfu, kufungua yote kwa mpigo: mfumo wa Linux, kwa kawaida, huipa programu moja ruhusa ya kushika mafaili 1,024 tu, na mwenye kuvuka kiasi hicho hukataliwa.

Hatari haimo katika kusoma, imo katika kuunganisha. Tuseme jumla iliyopo ni kilo 4,000. Uzi wa kwanza, wenye kilo 300 mkononi, umesoma 4,000; kabla haujaandika jibu, uzi wa pili, wenye kilo 500, nao umesoma 4,000 ile ile. Wa kwanza waandika 4,300, wa pili waandika 4,500, na zile kilo 300 zimefutika pasipo onyo lolote, ilhali jumla ya haki ni 4,800. Kibaya zaidi, ukiirudia programu yamkini itatoa jibu sahihi, kwa kuwa safari hii nyuzi hazikugongana; na kosa linalojificha hivi ndilo limtaabishalo mtu kuliko yote. Mholanzi Edsger Dijkstra alichapisha mwaka 1965 suluhisho la namna ya kuhakikisha kwamba mmoja tu ndiye aingiaye mahali pa hatari kwa wakati mmoja, na kufuli tuzitumiazo leo zatokana na fikira hiyo: uzi utakao kugusa jumla sharti ushike kufuli, usome, ujumlishe, uandike, ndipo umwachie mwingine.

Mimi, hata hivyo, hupendelea nyuzi zisiguse kitu kimoja asilani. Kila uzi na uwe na jumla yake ndogo, na zote zikiisha, mkono mmoja uziunganishe. Fikira ya namna hiyo imo katika mtindo wa MapReduce, ambao Jeffrey Dean na Sanjay Ghemawat wa Google waliueleza mwaka 2004. Jumla zaunganika kwa utaratibu wowote, faili litangulie au lichelewe. Wastani hauunganiki hivyo. Mwalo wenye mitumbwi 2 iliyopata wastani wa kilo 90, na mwalo wenye mitumbwi 40 iliyopata wastani wa kilo 30, ukichukua wastani wa wastani utapata 60. Lakini kilo zote ni 1,380 na mitumbwi ni 42, basi wastani wa kweli ni kilo 33 hivi. Kwa hiyo uzi urudishe kilo na idadi ya mitumbwi, na kugawanya kufanywe mara moja tu, mwishoni.

Limebaki faili lisilosomeka, na hapa nasihi kwa moyo wote. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hawatoki, na sifuri iliyoandikwa siku hizo ni habari ya kweli. Faili lililokatika njiani, au lililoshindwa kufunguka, si sifuri, na programu ilihesabuyo kuwa sifuri humwambia msomaji kwamba ziwa halikutoa kitu. Basi kila uzi urudishe mojawapo ya mambo mawili, hesabu ama sababu ya kuikosa, na chini ya jumla ichapwe orodha ya mialo ambayo mafaili yake hayakusomwa, jina kwa jina, ili karani ajue daftari gani la kuliomba tena.