Stara si Kumtenga Mgonjwa

Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa Kagera mwaka 1983, na hapa Zanzibar mwaka 1986, umma umeelezwa mengi juu ya maradhi haya: namna yanavyoambukiza, namna ya kujikinga, na faida ya kupima mapema. Elimu hiyo haikupotea bure. Kiwango cha maambukizo Visiwani, kwa wananchi kwa jumla, kimebaki asilimia 1 au chini ya hapo, nacho ni kidogo mno kikilinganishwa na cha Bara. Lakini uchache huo, ndugu wasomaji, una shari yake. Wagonjwa wakiwa wachache, kila mmoja wao huonekana. Na anayeonekana huogopa.

Hutokea basi mtu wa Micheweni akakiacha kituo kilicho karibu naye, akateremka hadi Mkoani kupanda meli, akaja Unguja kuchukua dawa ambazo angeweza kupewa kwao. Hakimbii ugonjwa huyu. Analikimbia benchi la kungojea, ambalo huenda shemeji yake amelikalia. Siku bahari ikichafuka, au nauli ikikosekana, dawa humalizika. Na dawa za kufubaza virusi zina sharti moja kubwa, nalo ni kumezwa kila siku bila ya kukatizwa. Zikikatizwa, virusi hurejesha nguvu na huweza kuwa sugu. Maneno ya barazani ndiyo yaliyomvusha bahari mtu yule, na ndiyo yatakayomlaza kitandani.

Watu wa Visiwani hatuhitaji kufundishwa stara. Wazee wetu walipomsitiri mtu, walilifunika jambo lake na wakaendelea kula naye sinia moja. Sisi tumezua kinyume chake: jambo lake tunalitangaza, na yeye mwenyewe tunamficha. Sahani yake hutengwa, kikombe chake hutiwa alama, ilhali hata mtoto wa skuli anajua kwamba virusi havipiti kwa chakula, wala kwa kupeana mikono, wala kwa kulala chumba kimoja.

Litazamwe suala la posa. Siku hizi wazazi wengi hutaka wachumba wapime damu kabla ya kuoana, na nia yao ni njema. Lakini majibu yale ni mali ya nani? Pengine baba huyadai, mjomba akaarifiwa, mshenga naye akapata habari. Posa ikivunjika, mtaa mzima umekwishajua sababu. Majibu ni amana ya wawili waliopimwa na mhudumu aliyewapima, basi. Tena kukutwa na virusi hakuharamishi ndoa. Anayemeza dawa sawasawa hata virusi visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Na watoto wanaozaliwa na kunyonyeshwa na mama mwenye virusi asiyetibiwa, huambukizwa 15 hadi 45 katika kila 100. Mama akitibiwa, huwa chini ya 5. Mzazi anayetaka kipimo kwa mkwewe na ayajue haya kwanza.

Wapo pia vijana waliotekwa na unga, ambao maambukizo kwao ni makubwa mara nyingi kuliko kwa wananchi wengine, kwa sababu ya kuchangia sindano. Tangu mwaka 2015 wanapatiwa methadoni pale Kidongo Chekundu. Kijana anayejihimu kila siku kwenda kunywa dawa yake amefanya kazi ngumu kuliko wengi wetu. Akirudi mtaani tukimwita mwizi, tunamwonyesha njia ya maskani alikotoka.

Kazi hii haingoji fedha za wageni. TASO iliundwa Uganda mwaka 1987, na WAMATA Dar es Salaam mwaka 1989, wakati dawa za leo hazijakuwepo kabisa. Walioanza walikuwa na miguu ya kuwatembelea wagonjwa na moyo wa kukaa nao, na kwa hayo waliwatoa watu wengi gizani. Mwezi Januari 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tuliona jinsi riziki inayotoka mkononi mwa mwingine inavyokatika kwa siku moja. Dawa zenyewe hazina budi kuwekewa fungu katika bajeti yetu, na Waheshimiwa Wawakilishi walihoji fungu hilo kila mwaka.

Kwa ndugu masheha, ombi ni dogo. Msitafute orodha ya majina. Hamna haja nayo. Mwenye maneno machafu aitwe, aelezwe, mbele ya wazee wake ikibidi. Na maofisa wa afya wamwachie mgonjwa achague kituo chake bila ya kuhojiwa, na aliyetulia katika matibabu apewe dawa za miezi kadhaa kwa mara moja, ili kusi ikivuma na meli zikilala bandarini, yeye awe nazo nyumbani.