JE, WAJUA? Neno la herufi 45

Mwanafunzi wa Himbi, mjini Goma, tayari anajua kipande kimoja cha neno refu kuliko yote katika kamusi kubwa za Kiingereza, kwa kuwa anaishi karibu na volkano ya Nyiragongo: *pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis*. Kipande hicho ni *volcano*.

Likate polepole. *Pneumono* ni mapafu, *ultramicroscopic*, vitu vidogo mno visivyoonekana, *silico*, madini ya silika, *coni*, vumbi, *osis*, ugonjwa. Basi ni ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi laini la volkano. Neno hilo lilibuniwa mwaka 1935 na Everett M. Smith, Mmarekani mpenda mafumbo.

Usilihofu. Kiswahili nacho huunganisha: "hatutawasahau" lina silabi 7, lakini vipande vyenye maana ni 5 tu: ha-tu-ta-wa-sahau.