Andazi la San Pédro lilivyotufuta machozi ya Stars

SAN PÉDRO, Ivory Coast. Usiku wa Januari 21, 2024 usingizi haukuja. Taifa Stars waliongoza kwa bao la Simon Msuva dakika ya 11, Zambia wakabaki 10 baada ya kadi nyekundu, halafu Patson Daka akachomoa dakika ya 88. Dakika ya 88, jamani!

Asubuhi nikatoka kusaka chai. Kifaransa sina. Mkate wao ule mrefu wa Kifaransa, mgumu kama rungu, sikuutaka. Kona ya mtaa nikamkuta mama anachota donge la unga wa ngano kwa mkono, analidondosha kwenye karai la mafuta. Si andazi hili? Wenyewe wanaliita gbofloto. Duara kama kalimati iliyonenepa, iliki hakuna, ila ndani laini kweli.

Nikaonyesha vidole vitatu. Mama akaitazama jezi yangu, akatikisa kichwa, akaongeza la nne bure.

Jumatano, Korhogo, sare ya 0-0 na DR Congo ikaturudisha nyumbani. Begini nilikuwa na gbofloto mbili za asubuhi, zimepoa. Nikazila hivyo hivyo.