Sura ya Saba: Hesabu Isiyotaka Kujibiwa

Mwaka 1998 Darren Aronofsky alitoa Pi, filamu yake ndefu ya kwanza, ya nyeusi na nyeupe, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo sana. Ndani yake yumo Max Cohen, mwanahisabati mpweke wa New York aliyejifungia chumbani na kompyuta aliyoiita Euclid. Max anaamini kwamba kila kitu duniani, hata bei za soko la hisa, kina mpangilio, na kwamba namba zinaweza kuufichua. Siku moja kompyuta inaharibika na kutema namba yenye tarakimu 216. Tangu hapo hana raha. Wafanyabiashara wa soko la hisa wanamwinda kwa ajili ya fedha, kundi la Wayahudi washika dini linamwinda kwa sababu linaona jina la Mungu ndani ya namba ile, na maumivu ya kichwa yanamzidi hadi anajitoboa fuvu kwa keekee ya umeme. Watazamaji wengi huondoka na funzo moja, kwamba hisabati ikimzidi mtu, hurukwa na akili. Kwa maoni yangu funzo hilo limekosea. Max haangamizwi na hisabati. Anaangamia kwa sababu ameiacha, ingawa bado anaandika namba.

Ushahidi umo kwenye filamu yenyewe. Jirani wa Max, msichana mdogo aitwaye Jenna, humsimamisha kwenye ngazi na kumpa hesabu kubwa za kichwa, naye mkononi ana kikokotozi. Max akijibu, mtoto anatazama kioo cha kikokotozi na kuhakikisha. Hiyo ndiyo hisabati: kuna jibu, na kuna kitu nje ya kichwa cha mjibuji kinachoweza kumwambia amekosa. Namba ya tarakimu 216 haina kikokotozi cha namna hiyo. Mwalimu wake mzee, Sol Robeson, anamwonya kwamba akiamua kuitafuta 216 ataiona kila mahali, hata katika hatua anazotembea mtaani, na kwamba anayeacha kupima kwa uangalifu si mwanahisabati tena. Wawili hao huzungumza wakicheza Go, mchezo wa vijiwe kutoka Mashariki ya Mbali. Msomaji wa Mtwara aweke bao mahali pake, apate maana ileile: mashimo 32, kete 64, na mchezaji anayepiga hesabu ya mtaji wake mpaka mwisho kabla hajagusa kete. Hesabu hiyo inaweza kuwa ndefu na nzuri sana, lakini mpinzani akishacheza, yote inapigwa upya.

Mfano wa hesabu isiyopimwa, mkubwa kuliko wa filamu, uko kusini mwa Tanzania. Mwaka 1946, Uingereza ikiwa imetoka vitani na mafuta ya kula yakiwa haba, Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipendekeza karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine. Serikali ikamtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, pamoja na wenzake. Walizunguka kwa muda wa wiki tisa hivi, kisha wakaandika ripoti yenye mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Zaidi ya nusu yalipangiwa Jimbo la Kusini, na kwa ajili yake ikapangwa bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Tuzidishe wenyewe: 107 mara 30,000 ni 3,210,000. Jibu ni sahihi, na ndiyo idadi ya ekari iliyotangazwa. Kosa halikuwa katika kuzidisha. Lilikuwa katika kudhani kwamba ekari ya kwanza na ya milioni tatu ni kitu kimoja, na katika kuanza kazi kubwa kabla shamba dogo la majaribio halijatoa jibu. Kongwa, katikati ya nchi, kiangazi kilipoingia, udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama saruji, na karanga hazikung'oka. Kusini, kufyeka pori kulikula muda na fedha kuliko ilivyopangwa. Januari 1951 mpango uliachwa, na takriban pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni.

Atatokea wa kusema kwamba hiyo ilikuwa siasa na njaa ya mafuta, tena na kiburi cha kikoloni, na hisabati inasingiziwa. Ni kweli kwamba siasa na njaa vilikuwepo, na kiburi pia. Lakini hivyo ndivyo vinavyofanya namba ionekane tamu. Max naye hakutafuta 216 kwa udadisi mtupu. Alitaka dunia imtii. Haja inapokuwa kubwa, namba isiyo na mashaka hupendwa kuliko namba ya kweli, na anayeuliza udongo ukoje huonekana mkwamishaji. Linganisha na msafiri David Livingstone: miaka 85 kabla ya pendekezo la karanga, mwezi Machi 1861, aliingia mdomo wa mto Ruvuma na meli ya Pioneer akitarajia mto huo umfikishe Ziwa Nyasa. Maji yalipopungua alirudi nyuma. Mwaka 1862 alijaribu tena kwa mashua, akakuta miamba. Tumaini lake lilikuwa kubwa kama la watu wa karanga, ila kina cha maji kilipimika siku ileile, na chombo kilichogusa mchanga hakina ubishi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: bila ung'ang'anizi hakuna ugunduzi, kwa hiyo tusimlaumu Max. Nakubali sehemu ya kwanza. Mwanahisabati Andrew Wiles alifanya kazi kwa siri karibu miaka saba juu ya swali maarufu la hisabati lililoachwa na Fermat, akatangaza jibu mwaka 1993. Wakaguzi wakakuta pengo ndani ya hoja yake. Aliumia, akarudi mezani, na mwaka 1994, akisaidiwa na Richard Taylor, akaliziba. Ung'ang'anizi wake haukuwa mdogo kuliko wa Max. Tofauti ni kwamba aliwapa wengine karatasi zake, na walipomwambia hapa pana kosa, alisikia. Ndiyo maana sioni mwisho wa Pi kama ushindi wa ujinga. Jenna anauliza hesabu nyingine, na Max, akitazama majani ya mti, anasema hajui huku akitabasamu. Kwa mara ya kwanza tangu apate namba yake ametoa jibu la kihisabati kabisa, kwa kuwa asiyejua akisema hajui, amesema kweli.

Reli ya kusini ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga, leo inapakia korosho.