Jasho la Makwapa (4): Daktari Aliyeonja Sumu ya Soseji

Katikati ya mwaka 2025, mamlaka ya afya ya Uingereza ilitangaza kwamba watu zaidi ya 30 waliugua botulizimu baada ya kudungwa sindano za urembo zilizoshukiwa kuwa hazina leseni. Dalili za ugonjwa huo ni kope kulegea, kuona kitu kimoja kama viwili, kushindwa kumeza na ulimi kuwa mzito. Sumu yake ndiyo hiyo hiyo niliyoitaja toleo lililopita kuwa dawa ya watu wanaolowa makwapa hata wakiwa wamekaa kivulini. Wasomaji wameuliza, na wana haki ya kuuliza: inakuwaje kitu kinacholemaza watu kiitwe tiba?

Jibu linaanza kwa Justinus Kerner, mtu ambaye sichoki kumsimulia.

Kerner alikuwa daktari wa serikali katika Württemberg, kusini mwa Ujerumani, na mshairi pia. Katika eneo hilo watu walikuwa wakifa kwa sumu hiyo hiyo baada ya kula soseji za damu na za ini, jamii moja na mutura ya Wakikuyu, zilizokaushwa kwa moshi na kuwekwa muda mrefu. Mwaka 1793, Wildbad, watu 13 waliugua baada ya kula chakula kimoja na 6 wakafariki. Wengine wangetaja uchawi au bahati mbaya. Kerner alichukua kalamu. Mwaka 1820 alichapisha habari za wagonjwa 76, na miaka miwili baadaye idadi ikafika 155.

Aliyoyaandika yanashangaza kwa umakini wake. Mgonjwa ana akili timamu na anasikia kila neno, lakini macho hayatoi machozi, kinywa ni kikavu, mate hakuna, jasho hakuna. Kerner akaona kwamba sumu hii inakata mawasiliano baina ya mishipa ya fahamu na viungo inavyoviamrisha. Akaijaribu kwa paka, sungura, ndege na vyura. Mwishowe akaweka matone ya sumu ulimini mwake mwenyewe, koo na kaakaa vikamkauka.

Kisha, katika kitabu chake cha 1822, akapendekeza jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: kiasi kidogo mno cha sumu hii kingeweza kuwatibu watu ambao mishipa yao ya fahamu imechachamaa, wakiwamo wanaotokwa jasho kupita kiasi.

Mwaka 1822! Bakteria inayotengeneza sumu hii ilikuwa haijajulikana; ilisubiri hadi baada ya Desemba 1895, wanamuziki wa kijiji cha Ellezelles, Ubelgiji, walipokula paja la nguruwe kwenye chakula cha mazishi, watatu wakafa, na Émile van Ermengem akaichunguza nyama hiyo. Alan Scott wa San Francisco akaigeuza sumu kuwa dawa ya macho yenye makengeza. Ndipo mwaka 1994, Bushara na Park, madaktari waliokuwa Uingereza, wakaripoti kwamba wagonjwa waliodungwa kwa ajili ya uso unaocheza upande mmoja hawakutoka jasho mahali pale palipodungwa. Marekani iliidhinisha tiba ya makwapa mwaka 2004.

Hesabu miaka hiyo. Kizazi baada ya kizazi watu waliteseka, na wazo limelala kitabuni. Ndiyo maana sitaacha kuwasihi vijana wetu wa udaktari: someni kumbukumbu za wazee wa fani, nanyi andikeni mnayoyaona wodini, kwa tarehe na kwa vipimo. Faili lililojazwa ovyo ni dhuluma kwa mgonjwa ambaye bado hajazaliwa.

Sasa sindano yenyewe. Kwapa hupakwa iodini, ikikauka hunyunyiziwa unga wa wanga, na palipo na jasho hugeuka bluu iliyoiva hadi kukaribia weusi. Daktari huweka alama humo na kudunga ndani ya ngozi, si kwenye msuli, mara 10 hadi 15 kwa umbali wa sentimita moja hadi mbili. Jumla ni yuniti 50 kila kwapa kwa dawa iliyoidhinishwa Marekani; yuniti za kampuni moja hazilingani na za nyingine. Asetilikolini, kemikali inayobeba amri ya mishipa ya fahamu na tuliyoieleza katika sehemu ya pili, inazuiwa kuifikia tezi ya jasho. Nafuu huonekana ndani ya wiki moja hivi na hudumu kama miezi sita au saba, kisha sindano hurudiwa. Mwili hauchemki, kwa sababu ngozi nyingine inaendelea kutoa jasho kama kawaida. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye ugonjwa wa kulegea misuli wamweleze daktari mapema.

Dawa hii hupimwa kwa kiasi kidogo kuliko karibu dawa yoyote tunayoijua. Anayeidunga sebuleni kutoka kwenye kichupa asichojua kilitoka wapi wala kina nguvu kiasi gani anawarudisha watu kwenye soseji za Wildbad, tena kwa malipo. Dai kukiona kichupa kabla hakijafunguliwa: jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, na kama kimetoka kwenye jokofu. Akikasirika kwa kuulizwa, vaa shati lako uondoke.

Upasuaji wa kukata mishipa ya fahamu kifuani, ambao huweza kuhamishia jasho mgongoni na tumboni, nitauchukua toleo lijalo.